Tundu la Upande wa Kushoto

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili, si ya kuazima," alisema Mama Redio, huku ndoo yake ikijaa na kumwagika bila yeye kujali. "Lile boksi lake la plastiki lenye mfuniko. Kalifungua kidogo kutafuta ufunguo, na mimi nikachungulia. Kuna kitu cha mviringo, kimevingirishwa kitambaa cheupe, ukubwa wa kichwa cha mtu. Sasa niambie wewe. Mtu anafanya kazi chuo cha madaktari, tena jengo la nyuma kule kusikoingia mtu, jioni anarudi na kitu cha mviringo. Ni nini hicho kama si kichwa?"

"Labda tikiti," alisema Mama Kibonge, akikamua nepi.

"Tikiti linavishwa sanda?"

Mama Kibonge alicheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Nyumba yao ilikuwa na vyumba sita na bomba moja, na palipo na bomba moja hapakosi redio. Redio yao hii haikuhitaji hata betri.

Aliyekuwa akisemwa ni mpangaji wa chumba cha pembeni, mwanamke mwembamba wa kukaribia miaka sitini, miwani yake mizito kama vitako vya chupa. Wote walimwita Shangazi, ingawa hapakuwa na hata mmoja pale aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Asubuhi alitoka na boksi lake, jioni alirudi na boksi lake, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akafunga mlango. Mtu asiyepiga domo bombani, wenzake humpigia.

Mama Kibonge mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja wa mwaka na miezi, mnene, mashavu yamejaa kama anayeficha maandazi. Ndiye Kibonge. Shule aliimaliza darasa la saba, ikaishia hapo. Alichojua vizuri ni sindano. Zipu, pindo na viraka wangeweza wengi, lakini kutia rufu, kule kuziba tundu la nguo kwa kusuka nyuzi upya mpaka mwenye nguo asijue lilikuwa wapi, hakuna mtaani aliyemfikia.

Rufu ndiyo iliyomleta Shangazi mlangoni kwake, siku mbili baada ya habari ile ya bombani.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia una mkono." Alikunjua koti jeupe la kazini. Mfukoni palikuwa na tundu lililochomwa na dawa. "Hili limebaki na mwezi mmoja wa kuvaliwa, lakini sitaki kustaafu nimetoboka."

Mama Kibonge alilichukua, akachomoa nyuzi chache ndani ya pindo, akaanza. Shangazi hakuondoka. Alivuta kigoda, akasogeza miwani puani, akatazama kama mtu anayetazama mpira.

"Hebu nikuulize. Umejuaje kwamba uzi huu unaoingia hapa ndio ule unaotokea pale?"

"Sijui bado, Shangazi. Nauvuta kidogo upande huu, nione nani anatikisika upande ule."

"Na kama hauvutiki?"

"Basi naufuata kwa macho, hatua kwa hatua. Nikipepesa nimepotea, naanza upya."

"Na zikikutana nyuzi mbili za rangi moja?"

"Hapo ndipo penye kazi. Unaweza kudhani zimepishana, kumbe zimegusana tu, kila mmoja akarudi kwao."

Shangazi alipiga paja lake kofi, akacheka mpaka miwani ikashuka. "Weee! Miaka thelathini na nane nasikia madaktari wakilisema hilo kwa maneno marefu kama treni. Wewe umelimaliza kwa pumzi moja."

Mama Kibonge aliona mlango wa kuuliza umefunguka. Alitazama sindano yake, si uso wa mgeni, akasema, "Shangazi, unisamehe. Kwenye lile boksi huwa kuna nini?"

"Asubuhi barafu. Mashine ya barafu kazini imekufa mwaka wa pili, barua ya kuomba fundi bado inatembea maofisini, labda imepotea njia. Jioni, siku nyingine kabichi. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu."

"Mama Redio kasema kichwa."

"Kasema kichwa."

"Mwambie kabichi yangu inamsalimu."

Siku ile ile Shangazi alimwambia shida yake. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Chuo kilimruhusu kibarua mmoja kwa mwezi uliobaki, lakini walioletwa walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi hutazama kitu akiwa tayari anajua kitabu kimesema nini. "Mimi nataka mtu anayetazama uzi," alisema. "Utakuja?"

Kibonge alibaki kwa Mama Redio. Naye alikubali kwa sharti moja, kwamba mama mtu akirudi jioni amweleze kila kitu, asiruke hata nukta.

Jengo la nyuma lilikuwa na ngazi arobaini na moja na harufu inayokausha koo. Chumba cha Shangazi kilikuwa cha mwisho: meza mbili, dirisha moja, sinki, kabati dogo la joto lililonguruma kama paka, na makabati ya vipande vyembamba vya vioo, vilivyopangwa kama sahani za harusi. Hapakuwa na vichwa. Mama Kibonge aligundua kwamba alikuwa amebana pumzi tangu ngazi ya ishirini.

Shangazi alitoa kichupa katika kabati la joto. Ndani, kwenye maji ya dawa, kulikuwa na kipande cha ubongo kisichozidi pingili ya kidole gumba, rangi ya nta ya mshumaa.

"Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu," alisema. "Kabla hajafa aliandika kwa mkono wake kwamba ubongo wake uje hapa. Watoto wake walikuja, wakauliza kila kitu, wakakubali."

"Ndiye huyu, mwalimu?"

"Ndiyo sehemu yake."

Mama Kibonge alimwamkia kimoyomoyo. Mwalimu ni mwalimu.

Walipokuwa wakisubiri maji yapoe kwa barafu ya nyumbani, Shangazi alimsimulia alivyofika pale. Aliingia akiwa na miaka ishirini na mmoja, kufagia. Mwaka huo huo baba yake alipata kiharusi. Akawa hawezi kusema hata "maji". Akikutazama unaona neno limemjaa kinywani, halitoki. Lakini mtu akianza wimbo wa zamani, mzee aliuimba mpaka mwisho, maneno yote, bila kukwama.

"Nikajiuliza, maji ameshindwa, na wimbo mzima anauweza? Basi maneno yana njia mbili kichwani. Moja imekatika, nyingine nzima. Zinapita wapi? Nikamuuliza profesa wa wakati ule huku nimeshika ufagio. Akasema, 'Binti, hata sisi tunatafuta.' Nilidhani ananifukuza kwa heshima. Kumbe ilikuwa kweli. Nikaomba nioshe vioo. Nikaosha miaka miwili, nikaomba kukata."

"Na umeshaiona, njia ya wimbo?"

"Mwanangu, mimi miaka yote hii nimeona vipande vya njia. Hakuna aliyewahi kuniletea barabara nzima."

Akamweleza, naye Mama Kibonge akawa anauliza kama mtoto. Panya, Shangazi alisema, unaweza kumtia rangi akiwa hai. Neva zake zenyewe zinaibeba rangi mpaka mwisho wa safari, kama mpagazi anayepeleka mzigo. Siku chache, umejua njia yote.

"Na mtu?"

"Nani atakupa kichwa chake umtie rangi yu hai? Mtu tunamngoja afe. Na akifa, wapagazi wamelala. Rangi inabidi itambae yenyewe kwenye ganda la neva, taratibu kuliko ukucha unavyoota. Huyu mwalimu nimemtia chembe moja ya rangi miezi kumi na minne iliyopita, nikamweka kwenye joto na giza. Kwa miezi yote hiyo imekwenda upana wa ukucha wa kidole gumba. Zaidi ya hapo haitaki."

"Ala! Miezi kumi na minne? Kibonge alikuwa ndiyo kwanza azaliwe."

"Basi hao wamekua pamoja."

"Sasa hawana mashine? Hospitali kubwa si kuna ile unaingizwa kama mkate kwenye tanuri?"

"Ipo. Inapiga picha ya mtu hai, na wala haimuumizi. Lakini mashine haioni neva. Inaona maji yaliyo ndani yanasogea kuelekea wapi, halafu inakisia, 'hapa lazima kuna njia.' Inakuchorea mistari ya rangi, mizuri, ya kutundika ukutani. Ila kuna mahali inashindwa."

"Wapi?"

"Pale uliposema wewe. Njia mbili zikikutana, haijui kama zimepishana au zimegusana tu na kila moja kurudi kwao."

Na hilo ndilo swali lililokuwa mezani. Daktari wao, mkuu wa idara, alikuwa na picha za mashine zilizoonyesha kwamba njia fulani inavuka kutoka kushoto kwenda kulia, katikati kabisa ya kipande kama kile. Wengine walimbishia. Kipande cha mwalimu ndicho kingeamua.

Kabla ya kukata, Shangazi alichukua sindano ndefu, akaichoma upande wa kushoto wa kipande, ikazama wima kutoka juu kwenda chini.

"Hii ya nini?" Mama Kibonge aliuliza. Ilimuuma kidogo, kama vile amemchoma mtu.

"Hii ndiyo roho ya kazi. Kipande chenyewe kulia na kushoto vinafanana kama mapacha. Nikishakikata, kila jani jembamba linaelea majini, na likielea linaweza kujigeuza kama chapati. Likigeuka, kushoto kumekuwa kulia, na hakuna atakayejua. Lakini kila jani litakuwa na katundu, na tundu ni kushoto, siku zote. Waliokosea kutia tundu wapo. Mmoja aliandika njia inavuka mara tatu kwenda na kurudi, kama mlevi."

Wakakata siku mbili. Wembe wa mashine ulitetemeka ndani ya maji baridi, ukitoa mlio wa nyuki, na kila jani lililotoka lilikuwa jepesi kuliko ganda la kitunguu. Shangazi alishusha kioo chini ya maji na kukiinua polepole, jani likatua juu yake kama lilivyokuwa. Hakunywa chai mpaka kazi iishe, mkono usije ukacheza. Walipofika jani la mia na themanini, jioni ikaingia.

Siku ya tatu Kibonge aliamka na homa, na mama yake hakwenda. Shangazi alimaliza peke yake. Majani yote yalikuwa mia mbili na arobaini.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyomtoa Mama Kibonge ushamba. Walifunga pazia, wakawasha taa ya kijani ya hadubini, na Shangazi akamsogezea jicho la chombo. Mwanzoni aliona giza. Kisha, ndani ya giza, akaona uzi mwekundu unaong'aa, mwembamba, wenye vifundo vidogo vidogo, umelala pale kana kwamba kuna mtu ameudondosha sasa hivi.

"Mama yangu!" alisema.

"Usikae sana. Taa hii inaila rangi. Kila tunapoutazama tunaumaliza. Chora, funga, twende jani jingine."

Basi ikawa hivyo. Mmoja anachora alama ya uzi kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, mwingine anabadilisha vioo. Jani la kwanza, tundu kushoto, uzi kushoto. Jani la kumi, la hamsini, la mia. Ukipanga karatasi juu ya nyingine, njia inaonekana ikipanda kidogo kidogo kuelekea katikati. Mama Kibonge alirudi nyumbani akimtazama mwanawe akinyonya kidole gumba cha kushoto, akajiuliza ni uzi upi huko ndani uliomwambia kiwe kile na si kile.

"Haya, lete habari," alidai Mama Redio.

"Leo tumetoka jani la tisini mpaka la mia na ishirini."

"Na kichwa?"

"Hakuna kichwa. Kuna pingili ya mwalimu wa hesabu."

"Toba! Hesabu zenyewe bado zimo?"

Kwenye jani la mia na themanini na moja, hapakuwa na tundu. Wala la mia na themanini na mbili. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Sindano ilikuwa imekwenda mshazari. Ilionekana imezama wima, kumbe ncha yake ilitokea ubavuni mwa kipande. Majani sitini ya mwisho hayakuwa na alama.

Waliendelea kwa kufuata umbo. Uzi ukakaribia katikati, ukakaribia tena, na kwenye jani la mia na tisini na saba ukawa kulia. Ukaendelea kulia mpaka rangi ilipoishia.

Umevuka.

Daktari aliitwa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyezoea kuongea akitembea. Alipanga zile karatasi dirishani, akazitazama, akapiga makofi mawili.

"Mashine ilisema, na vipande vimesema! Shangazi, hii tunaiandika. Na safari hii jina lako linaingia juu pamoja na yetu."

Shangazi alishika ukingo wa meza. Kwa miaka thelathini na nane kazi yake ilikuwa imetoka kwenye maandishi ya watu tisa, na jina lake halikuwahi kufika hata kwenye shukrani. "Daktari," alisema, "matundu yaliishia mia na themanini."

"Umbo linatosha. Wewe hukosei." Akatazama saa. "Ijumaa nachukua karatasi zote."

Alipotoka, Shangazi alizikusanya karatasi dirishani. Halafu akampigia simu kaka yake. Mama Kibonge hakusikia kaka alichojibu, ila alimsikia Shangazi akisema, "Jina utaliona, si utaliona! Uvae miwani tu." Na akacheka kama msichana.

Jumatano, Shangazi alipokwenda kuulizia barua za kustaafu, Mama Kibonge alibaki akifuta vioo na kuvirudisha kwenye visanduku vyake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani. Akainua kioo kimoja na kukiinamisha kwenye mwanga, kama anavyoinamisha nguo kutafuta kasoro. Akaona mstari. Mwembamba sana, umenyooka, umepita kwenye jani zima karibu na ukingo wa kulia.

Akainua kingine. Upo. Kingine. Upo, kulia pale pale. Akaujua bila kufundishwa. Wembe ulikuwa na pengo dogo mahali fulani, na pengo linaacha mkwaruzo wake kwenye kila jani, kama vile jino bovu la mashine ya kufuma linavyoacha mstari kwenye jora zima. Mstari wa namna hiyo ndio anaoutumia kujua uso na mgongo wa kitambaa kisichokuwa na maua.

Tundu kushoto, mstari kulia. Majani yote aliyoyatazama, mpaka la mia na themanini.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kisanduku cha mwisho. La mia na tisini, mstari kulia. La mia na tisini na saba, kushoto. Akalirudisha, akalichukua tena. Kushoto. La mia mbili na tano, kushoto. La mia mbili na kumi, hauonekani. La mia mbili na kumi na mbili, akadhani anauona kulia, kisha hakuwa na hakika.

Akaketi. Kama mstari umehama upande, basi si uzi uliovuka. Ni jani lililogeuka.

Shangazi alirudi na bahasha, akimwimbia mtu asiyeonekana. Mama Kibonge aliendelea kufuta vioo. Siku ile alirudi nyumbani bila kusema kitu.

"Leo redio yako imezimika," alisema Mama Redio, akimkabidhi Kibonge. "Kuna nini? Mmekiona kichwa?"

"Hakuna, mwenzangu."

"Uso wako ni wa mtu aliyekiona."

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Akiwa anakula, alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, mstari, wembe, jina, kaka. Aliuliza swali moja tu. "Mwenyewe hajui?"

"Hajui. Na mimi ni nani? Mimi ni kibarua wa kuchora. Labda nimekosea. Na akiambiwa, jina litatoka."

"Bomba likivuja ndani ya ukuta," alisema, "fundi akinyamaza, ukuta utasema. Na utakaposema, utasema jina la fundi."

Asubuhi ya Alhamisi alipanda ngazi arobaini na moja akiwa amejipanga maneno. Yote yalimtoroka mlangoni.

"Shangazi, kuna kitu nimeona. Inawezekana nimekosea."

"Sema tu, mwanangu."

Hakusema. Alivishika vioo viwili, cha mia na hamsini na cha mia na tisini na saba, akaviinamisha pamoja kwenye dirisha, akanyoosha kidole. Shangazi alisogea, miwani ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kimoja. Akatazama kingine. Akarudi cha kwanza. Gari lilipita nje, mlio wake ukaisha, na bado alikuwa akitazama.

"Pengo la wembe," alisema mwishowe, polepole. "Miaka thelathini na nane huwa naliona kama uchafu wa kazi. Nalilaani, nabadilisha wembe. Sijawahi kulisoma."

"Labda nimekosea."

"Hujakosea kuuona. Kama una maana unayoidhania, hatujui bado." Aliketi kwenye kiti, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza, akautazama kama wa mtu mwingine. "Ile siku ya homa ya mtoto, mkono huu ulianza kucheza. Kuinua kioo majini nikashindwa, jani linateleza. Nikatumia brashi. Ukitumia brashi, jani linalala kifudifudi kwenye kioo, kwa hiyo unaligeuza kwanza ndani ya maji, ndipo litoke sawa. Najua kwamba niligeuza mengi. Yote? Nilikuwa peke yangu, barafu inayeyuka, naharakisha. Siwezi kuapa."

"Sasa itakuwaje?"

"Moja katika matatu. Labda yote yenye uzi kulia yamelala kifudifudi, na uzi haujavuka, umegusa katikati na kurudi kwao, na mashine imedanganyika. Labda ni machache tu yaliyolala hivyo, na umevuka kweli, ila si pale tuliposema. Au mistari haionekani vya kutosha, na jibu ni kwamba mwalimu wa watu amekaa kwenye joto miezi kumi na minne na hatukumwelewa." Akatazama kile kichupa, sasa kitupu. "Kipande kingine sina. Mwezi ukiisha, na mimi nimeisha."

Mama Kibonge alihisi macho yanamchonyota, na hakujua kama ni ile dawa. "Ningenyamaza, Shangazi."

"Ungenyamaza, ningekufa nikijua nimeona njia, kumbe nimeona mkono wangu mwenyewe." Alisema hivyo bila ukali. Kisha udadisi ukamshinda. Akachukua tena kile kioo, akakigeuzageuza, akauliza, "Mstari ukiufuata mpaka ukingoni, unaishaje? Kwenye nguo huwa unaishaje?"

"Unafifia. Hapo unautafuta kwa kuinamisha, si kwa kuukodolea."

"Eh. Kwa kuinamisha." Alijaribu. Akakunja uso, akajaribu tena, na Mama Kibonge akaona midomo yake ikisema kulia, kulia, kabla ya jani kukaa vizuri hata kwenye mwanga. Shangazi naye aliisikia midomo yake. Alikiweka kioo chini taratibu, akakisogeza mbali, akaficha mikono yote miwili mifukoni mwa koti.

"Umeona?" alisema. "Sijatazama bado, nimeshajibu. Tangu Daktari aseme jina langu linaingia, nimejiona niko juu ya karatasi. Macho haya yana ukungu, lakini si huo ukungu unaonitisha."

Alisimama, akavuta kile kisanduku cha mwisho, majani sitini, akakisukuma upande wa Mama Kibonge. Juu yake akaweka daftari jipya.

"Nakuomba kitu, mwanangu, na ukitaka kukataa, kataa sasa. Leo mimi natoka nje, nitakaa pale kwenye ngazi. Wewe tazama yote sitini, moja moja, hapo dirishani. Michoro usiiguse, wala usiniulize lipi ni lipi. Kila jani andika neno moja, kulia, kushoto, au sioni. Na 'sioni' ni jibu, usilionee haya. Ukimaliza, daftari lisipitie mikononi mwangu, mpelekee Daktari wewe mwenyewe, umwambie ulivyoona." Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono juu ya kitasa, akageuka. "Na uandike kwa kalamu ya wino. Ya penseli nitaifuta, najijua."